Jukwaa Halikuwa na Kosa

Vigae alianguka saa nne asubuhi akiwa amepiga magoti, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Mtu akianguka kutoka juu ana la kusimulia. Yeye alikuwa sakafuni tayari, katika choo cha jengo jipya la ofisi, anapanga vigae vyeupe safu ya tatu, mkononi ana pima maji ya kusawazishia, na mara sakafu ikamjia usoni. Alipofumbua macho aliwakuta mafundi watano wamemzunguka wanabishana. Mmoja alisema hajala. Wa pili alisema ana mimba. Wa tatu, ambaye hakuwa na la kusema ila hapendi kupitwa, akasema ni vumbi la saruji.

"Kile cha pembeni kimekaa kombo," ndilo neno la kwanza alilotamka. "Kitoeni kabla hakijashika."

Jina alilopewa na wazazi wake walikuwa wamelisahau wote pale kazini. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa Vigae tu, na alilipenda jina hilo kwa sababu alilipata kwa magoti yake mwenyewe. Alitaka kuendelea na kazi. Nyapara akakataa, akamtia kwenye gari lililoleta mchanga, akampeleka hospitali akiwa amekaa mbele na ndoo yake ya vifaa mapajani, maana ndoo hiyo hakumwachia mtu.

Hospitali walimbandika nyaya kifuani, wakampaka mafuta ya baridi ubavuni, wakaupiga moyo picha. Kisha wakamfunga kijisanduku kiunoni, kiandike mapigo yake mchana na usiku. Aliporudi, daktari wa moyo, mama mmoja mfupi asiyetupa maneno, alimgeuzia kioo cha mashine.

"Unaona huu ukuta? Umenenepa. Misuli ya moyo wako ni minene kupita kiasi, na kwa hiyo mapigo hayasikilizani. Mara yanaruka, mara yanakimbia ovyo. Siku ile yalikimbia mpaka damu haikufika kichwani."

"Mimi kuta ni kazi yangu," Vigae akasema. "Ukuta ukinenepa, tunachonga."

Daktari hakucheka, lakini hakukasirika pia. Alimwambia kwamba zipo dawa za kuyatuliza mapigo, na ikibidi kipo kifaa cha kuwekwa chini ya ngozi, kinachoushtua moyo ukipotea njia. Kunyanyua mizigo, basi. Kukimbia na kupanda ngazi kwa haraka, basi. Akiyashika hayo, anaweza kuishi mpaka azeeke.

"Nimeupata wapi?"

"Umezaliwa nao. Ni wa kurithi. Nani kwenu amewahi kufa ghafla?"

"Hakuna."

"Wazazi wote wapo?"

"Mama yupo. Baba alianguka kwenye jukwaa la ujenzi nikiwa na miaka kumi na miwili. Mtu alifunga fundo vibaya."

Daktari aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Alianguka akafa," akauliza, "au alikufa akaanguka?"

Vigae aligeuka akautazama tena ule ukuta kwenye kioo. Daktari akauliza kama ana ndugu. Mmoja, akasema, wa kiume, mdogo wake. Anafanya kazi gani? Anapiga lipu. Wapi? Nje ya maghorofa, juu. Hapo daktari akaiweka kalamu mezani. Mtoto wa mtu mwenye moyo wa namna hii, alisema, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nao. Mlete wiki hii. Mwezi ujao ni mbali.

Nyumbani habari ilitangulia kufika kabla yake. Majirani wanne walikuwa wamejaa sebuleni, sauti zimeshushwa, nyuso zimekunjwa, pole mfululizo. Vigae aliwatazama mmoja mmoja. Watu hawa walikuja kumuaga mtu aliye hai, na akaona si vizuri wakae bure. Akawapa ndoo wakamchotee maji, kwa kuwa yeye amekatazwa mizigo. Waliondoka mapema kuliko walivyokusudia.

Akabaki na mama yake na mdogo wake. Mdogo wake waliyemwita Kipanga, kwa kupenda kwake juu, alikuwa na miaka ishirini na tisa na mabega ya kubebea mlango. Vigae aliwaeleza yote, hata la nusu kwa nusu.

"Dada, mimi nabeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo," Kipanga akasema. "Moyo mbovu unabeba mifuko miwili?"

"Wangu umebeba miaka kumi na miwili."

"Haya, na huo wa kurithi tumeurithi kwa nani? Mama huyu hapa anagomba kama kawaida yake. Baba aliuawa na Fundo."

Hilo lilikuwa kama nguzo ya katikati ya nyumba ile. Baba yao alikuwa mwashi. Miaka ishirini na miwili iliyopita alianguka kutoka jukwaa la ghorofa ya tatu, na mtu aliyekuwa akifunga majukwaa pale aliitwa Mzee Fundo. Mama yao alisema fundo lilifunguka. Alisema msibani, sokoni na kila alipokaa, mpaka ikawa ndivyo ilivyokuwa. Fundo hakupewa tena kazi, kwa sababu ni nani atapanda jukwaa la muuaji? Mama akimwona njiani alivuka upande wa pili, na watoto walilijua jina hilo kama watoto wengine wanavyolijua jina la nyoka.

"Msimchokonoe marehemu," mama akasema, akakifunika chungu kwa kishindo. "Baba yenu alikuwa mzima wa afya. Aliyemuua mnamjua."

"Kipimo hakiumi," Vigae akasema. "Unalala kitandani, wanakubandika nyaya, unaondoka."

"Jumatatu naanza kuongoza genge la lipu, ghorofa saba," Kipanga akasema. "Nyapara akisikia naenda kwa daktari wa moyo, nani atanipandisha?"

"Afadhali ushushwe na nyapara."

Kipanga aliinuka akaenda kuoga, na mazungumzo yakaishia hapo.

Vigae hakulia. Alikasirika, na hasira ilimfaa zaidi. Angekuwa na ushahidi wa baba, angempata huyu kijana. Na aliyekuwa na baba siku ile juu ya jukwaa, aliye hai, alikuwa mmoja tu. Basi kesho yake akamtafuta mtu ambaye nyumba nzima imeapa kutomsalimia.

Alimkuta nyuma ya karakana ya seremala, amekaa kwenye kigoda, anasuka kiti. Alikuwa mzee mwembamba mwenye vidole virefu, na uzi ulipita mikononi mwake bila yeye kuutazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kiti au kitanda?"

"Mimi ni binti wa yule mwashi aliyeanguka."

Vidole vikasimama.

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Hajui. Akijua atanitoa roho kabla huu moyo haujanitoa."

Akamweleza, yeye na moyo wake, Kipanga na ghorofa zake saba. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaongea akikitazama kiti.

"Nilikuwa naye mita mbili tu. Nakaza mafundo ya upande ule. Baba yako aliuweka mwiko ndani ya karai. Akaiegemeza pima maji ukutani taratibu, isianguke. Akakaa. Akajishika hapa kifuani. Nikamwuliza, fundi, vipi? Hakujibu, na macho yalikuwa wazi. Halafu akajilaza ubavu kama mtu aliye kitandani, sema kitanda chenyewe kilikuwa chembamba. Mtu anayeanguka hupiga kelele, mwanangu. Hutupa vitu, hushika chochote. Yule hakushika kitu."

"Kwa hiyo fundo halikufunguka."

"Jukwaa lile lilisimama miezi minne baada yake. Wenzake walipanda palepale wakaumaliza ukuta. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza jukwaa gani hilo limefunguka na bado limesimama."

Vigae alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni. Alikuwa fundi. Angelijiuliza hilo kwa jengo lolote duniani isipokuwa lile.

"Kwa nini hukujitetea?"

"Nilimwambia mama yako siku ileile. Hakutaka kusikia. Nishindane na mjane, mbele ya kaburi? Nikasema hasira zitapoa. Hazikupoa."

"Njoo useme nyumbani. Mdogo wangu asikie kwa masikio yake."

"Mimi nimeshazoea hivi nilivyo," mzee akasema, akaushika tena uzi.

"Mimi sijazoea, mzee. Nina ndugu mmoja tu."

Alisuka mistari mitatu kabla ya kuuliza ni siku gani.

Jumapili Vigae alimleta. Mama alisimama mlangoni, mkono huku na mkono huku, akasema mtu huyu hapiti hapa. Sawa, Vigae akasema, tutaongea hapahapa nje, majirani wasikie vizuri. Mama akapisha. Mzee Fundo hakukaa. Aliyasema yale yale kwa maneno yale yale, mwiko ndani ya karai, pima maji ukutani, jukwaa miezi minne. Kipanga alimgeukia mama yake.

"Mama, baba aliwahi kulalamika moyo?"

"Sikumbuki," mama akasema.

Huyu ni mwanamke anayekumbuka rangi ya shuka iliyotandikwa usiku wa harusi yake, na nani alikuja bila zawadi. Vigae alimtazama. Mama alikuwa anatazama sakafu.

Kipanga naye akaamua kutokuona. Alivaa viatu. "Mzee anatafuta kujisafisha," akasema, "na dada anatafuta mwenzake wa kuugua naye. Mimi kesho nina kazi." Akatoka. Neno lile lilimchoma Vigae, kwa sababu mtu akishaugua, hata upendo wake watu huupima joto.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa chini ya lile jengo la ghorofa saba. Jukwaa lilipanda ukutani, miti ya mirunda na mbao, ngazi ikitoka sakafu moja ya mbao kwenda nyingine. Kipanga alikuwa ghorofa ya sita, kichwa tu kinaonekana. Vigae alimwita. Hakusikia. Akamwita kwa jina alilopewa na wazazi, jina ambalo nyapara mwenyewe hakuwa akilijua, na mafundi wakaanza kucheka. Kichwa kikachungulia.

"Rudi nyumbani, dada."

"Shuka twende."

"Sishuki."

"Basi napanda mimi."

Akaishika ngazi. Fundi mmoja akanyoosha mkono kumzuia. "Nishike," Vigae akamwambia, "halafu nikizimia mikononi mwako utawaeleza wewe polisi." Mkono ukarudi haraka. Akapanda kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, kwa uzito wa mtu anayejua anachofanya ni ujinga na hana kingine cha kufanya. Aliogopa. Yeyote atakayewaambia hakuogopa, mwongo. Alipofika sakafu ya kwanza ya mbao, moyo ulianza vituko vyake. Mapigo matatu, kimya, halafu pigo moja zito kama mtu anayebisha mlango. Akakaa, akapumua, akasubiri.

"Bisha," akauambia. "Leo sikufungulii."

Ulipotulia akaishika ngazi ya pili. Huko juu Kipanga alikuwa ameacha kazi.

"Dada, shuka. Umekatazwa. Utakufa."

"Ni kweli. Na wewe utakufa hapo hapo ulipo. Shuka tukafie chini, ni karibu na nyumbani."

Hakuna aliyecheka sasa. Aliendelea kupanda kidato kwa kidato, na jasho lilikuwa baridi. Alikuwa amefika sakafu ya pili, amekumbatia mrunda, ndipo aliposikia sauti ya mama yake chini.

Mama alikuwa amesimama kando ya rundo la mchanga, mtandio umemwangukia mabegani, na hatua moja nyuma yake alisimama Mzee Fundo. Alfajiri mama alikuwa ameenda mwenyewe karakanani, akagonga. Hakuna aliyemtuma. Na sasa, mwanamke aliyetumia miaka ishirini na miwili kusema jambo moja mbele za watu, alisema jingine, kwa sauti ileile.

"Mwanangu, baba yako hakuuawa na jukwaa."

Mashine ya kuchanganya zege ilikuwa inazunguka. Mtu akaizima.

"Asubuhi ile aliniambia moyo unamwenda mbio. Akasema leo hajiwezi, apumzike. Nikamwambia mwanamume mzima analala kitandani na watoto hawana viatu. Nikamvuta shuka. Nikamtoa nje, kwa mkono wangu huu. Huyu mzee aliponiambia baba yenu alikaa kwanza ndipo akaanguka, nilijua. Palepale nilijua. Lakini kama si jukwaa, ni mimi. Nikachagua jukwaa."

Akamgeukia Mzee Fundo. Alikuwa mwanamke mkubwa, lakini hapo alionekana mdogo.

"Nimekula miaka yako yote. Sina cha kukurudishia."

Huenda mzee alikuwa na maneno aliyoyatunza kwa siku hiyo, na alikuwa na haki nayo yote.

"Kwanza mtoto ashuke," akasema.

Wote wakatazama juu. Kipanga alikuwa ametoweka nyuma ya mbao, na kwa muda hakuna kilichoonekana ila kiwiko kinachocheza, kama mtu anayehangaika na kitu kiunoni. Dakika hiyo ilimlemea Vigae kuliko ngazi zote. Kisha miguu ikatokea, ikashuka sakafu ya tano, ya nne, ya tatu. Kijana alifika alipokuwa dada yake akachuchumaa mbele yake, uso umejaa madoa ya lipu. Kiunoni alikuwa amejizungushia kamba ya katani, ncha yake inaning'inia.

"Hii nini?" Vigae akauliza.

Kipanga aliishika ile ncha.

"Tangu mwaka jana," akasema kwa sauti ndogo, ya wao wawili tu. "Unaruka. Wakati mwingine unakimbia mpaka nashika ukuta, macho yanaingia giza, halafu unapita. Kwa hiyo nikifika juu najifunga kwenye mrunda."

"Ili usianguke."

"Sio hivyo. Nikifa, nibaki palepale. Nining'inie kila mtu aone jukwaa limesimama. Asije akasingiziwa mtu."

Vigae alimpiga kofi la bega, lenye nguvu kuliko daktari angeruhusu. Halafu akaushika ule mkono wenye lipu na hakuuachia.

"Ulijua. Na jana ukaniambia natafuta mwenzangu wa kuugua."

"Niliogopa, dada. La baba sikulijua. La kwangu nililijua."

"Na mimi naogopa. Nani kakwambia nimeacha kuogopa? Naogopa na vigae vyangu napanga."

Walishuka pamoja. Kipanga alitangulia chini yake, na kila Vigae aliposhusha mguu, bega la mdogo wake lilikuwa tayari chini ya kisigino. Chini mama alimpokea kijana, akampangusa lipu usoni kwa ncha ya mtandio kama aliyekuwa na miaka saba, na Kipanga hakumzuia.

Nyapara akaja, amekasirika, anataka kujua nani atamaliza ukuta. Mzee Fundo alikuwa ameinama kwenye mguu wa jukwaa, anayapapasa mafundo ya watu wengine, akitikisa kichwa. Vigae alimwambia nyapara kuwa ukuta utamsubiri, ni kawaida ya kuta, na kwamba Kipanga akirudi atarudi na karatasi ya daktari inayosema anaweza nini na hawezi nini, na ole wake atakayemfukuza kwa sababu ya moyo, maana mafundi wote pale wamemwona dada yake anavyopanda. Nyapara alifungua mdomo, akawatazama mafundi, akaufunga.

Hospitali haikuwa mbali. Walikwenda kwa miguu wote wanne, katikati ya barabara yenye vumbi, magari yakiwapigia honi. Vigae alikuwa mbele, kwa sababu mwendo wake ulikuwa wa polepole kuliko wote, na siku hiyo hakuna aliyekubali kumpita.